Kuyapa Mapigo Majina: Elena wa Kenya na Mfano wa Galula

Katika Wilaya ya Songwe, upande wa kusini-magharibi ya Tanzania, kwenye bonde ambalo Mto Songwe hupita ukielekea Ziwa Rukwa, pana kata iitwayo Galula. Jina la mahali hapo limefika mbali kuliko watu wake wengi walivyopata kusafiri. Wataalamu wa miamba wameyaita matabaka ya mawe mekundu ya bonde hilo Tabaka la Galula, nayo ni ya zama za Kretasia, ambazo zilikuwa zama za mwisho za wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria. Katika mawe hayo vimepatikana visukuku, yaani mifupa iliyogeuka kuwa mawe, vya viumbe ambavyo havikuwa vimejulikana kabla. Na kadhaa katika viumbe hivyo vimepewa majina ya Kiswahili.

Mwaka 2010 alitangazwa mamba mdogo wa kale, mwenye kimo cha paka na meno yaliyofanana na ya wanyama wanyonyeshao, akaitwa Pakasuchus kapilimai. Neno la kwanza limeungwa kwa "paka" la Kiswahili na jina la mamba katika Kiyunani. Neno la pili ni heshima kwa Saidi Kapilima, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 mamba mwingine aliitwa Rukwasuchus yajabalijekundu. Mwaka 2017 alifuata dinosaria mwenye shingo ndefu, Shingopana songwensis, na mwaka 2019 mwenziwe, Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa jina la mto wa Mtuka na kwa sababu ya mifupa ya mkia wake ambayo, itazamwapo kwa nyuma, ina umbo la moyo.

Mtu ajuaye sarufi ataona kwamba majina haya hayakubandikwa ovyo. "Jabali jekundu" limeshika upatanisho wake sawasawa. "Shingo pana" vivyo hivyo. Na "mnyama wa Mtuka" ni usemi ambao mtoto yeyote wa Kiswahili angeusema. Ataona pia kwamba watoa majina walifuata njia tatu. Njia ya kwanza ni kulitazama umbo, kama katika shingo pana. Njia ya pili ni kutaja mahali, kama katika Mtuka na Songwe. Njia ya tatu ni kufananisha na kiumbe kinachojulikana, kama katika paka. Kwa njia hizi tatu Kiswahili kimeingia katika daftari la elimu ya wanyama, na kitabaki humo kwa muda wote ambao elimu hiyo itadumu.

Sasa yafaa kuutazama upande mwingine ambao nao uliichota Afrika ya Mashariki ili kupata vitu vya kuvipa majina, lakini ukaiacha lugha yake. Upande huo ni michezo ya video ya kupigana, ambayo vijana wa miji na vijiji huicheza majumbani, katika vibanda vya kulipia, na siku hizi katika simu zao. Mwaka 1997 kampuni ya Capcom, iliyo katika mji wa Osaka nchini Japani, ilitoa mchezo uitwao Street Fighter III, na miongoni mwa wapiganaji wake alikuwamo msichana wa Kenya, Elena kwa jina. Msichana huyu ana mapigo maalumu matano, na yote matano yana majina ya Kiingereza. Kusudi la maelezo yafuatayo ni kueleza pigo maalumu ni kitu gani, mapigo ya Elena hufanya kazi gani, na ni kwa jinsi gani Kiswahili kingeweza kuyapa majina yaliyo bora kuliko yale yaliyo nayo.

Pigo maalumu ni nini

Katika mchezo wa namna hii wapiganaji wawili husimama wakikabiliana, na kila mmoja huongozwa na mchezaji wake. Mchezaji ana kijiti, au mahali pake vitufe vya pande nne, cha kumsogeza mpiganaji mbele, nyuma, juu na chini. Tena ana vitufe sita vya kupigia, vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, kwa nguvu ndogo, ya kati na kubwa. Kitufe kimoja kikibonyezwa hutoka pigo la kawaida. Lakini mchezaji akizungusha kijiti kwa mpangilio uliowekwa, kisha akabonyeza kitufe kwa wakati wake, hutoka pigo ambalo mpiganaji huyo peke yake, au yeye na wachache wanaofanana naye, wanalo. Hilo ndilo pigo maalumu.

Mfano ujulikanao kuliko yote ni ule wa Ryu, mpiganaji wa Kijapani aliyekuwamo tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1987. Mchezaji hupeleka kijiti chini, akakipitisha pembeni hadi mbele, kama atazamaye robo ya duara, kisha hubonyeza ngumi. Hapo Ryu hukusanya viganja vyake na kutupa mpira wa nguvu uitwao Hadoken. Mchezo wa pili wa ukoo huo, uliotoka mwaka 1991, ndio ulioieneza namna hii ya kupigana ulimwenguni kote, na tangu hapo karibu kila mchezo wa kupigana umeifuata.

Kila pigo lina sehemu tatu, na asiyezielewa sehemu hizo hawezi kuelewa kwa nini mchezaji mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Sehemu ya kwanza ni maandalizi, wakati kiungo kinapoinuliwa lakini bado hakijadhuru. Sehemu ya pili ni mgongo wenyewe wa pigo, wakati kiungo kinapoweza kumpata adui. Sehemu ya tatu ni marejeo, wakati mpigaji anaporudi katika kusimama kwake na hawezi kujikinga. Mchezo huonyesha picha 60 katika kila sekunde, na sehemu hizi huhesabiwa kwa picha moja moja. Pigo lenye maandalizi mafupi ni la kuaminika, na lenye marejeo marefu ni la hatari kwa mwenyewe. Kwani adui aliyejikinga vema hupata nafasi ya kulipiza kabla mpigaji hajatulia. Kwa hiyo pigo maalumu ni kama karata kubwa: lina faida, lakini mwenye kulitupa hovyo hujifilisi.

Jambo la pili la kuelewa ni kinga. Mchezaji hujikinga kwa kurudisha kijiti nyuma, ama amesimama ama amechutama. Pigo lielekezwalo miguuni halizuiliki kwa mtu aliyesimama, na pigo litokalo juu halizuiliki kwa mtu aliyechutama. Mpiganaji mwenye mapigo ya aina zote mbili humtia adui wake katika mashaka ya kila mara, na Elena ni mpiganaji wa namna hiyo.

Elena na asili ya miguu yake

Katika hadithi ya mchezo, Elena ni binti wa mtawala wa kabila dogo la mbugani. Ameumbwa mrefu, mwenye ngozi nyeusi, nywele nyeupe na macho ya samawati, na tabia yake ni ya kuchekacheka na kutafuta marafiki. Amerudi mara kadhaa katika michezo iliyofuata: mwaka 1999 katika toleo la tatu la Street Fighter III, mwaka 2014 katika Ultra Street Fighter IV, na mwaka 2025 aliongezwa katika Street Fighter 6.

Jambo limtofautishalo na wenziwe ni kwamba hupigana kwa miguu. Hata mchezaji abonyezapo kitufe cha ngumi, aghalabu ni mguu utokao. Mikono humfaa kwa kushika ardhi, kwa sababu mara nyingi yuko kichwa chini na miguu juu. Asimamapo hatulii, huyumbayumba kwa mwendo wa ngoma isiyosikika. Mwendo huo ndio unaofichua asili ya mchezo wake, nayo ni kapoeira ya Brazil.

Kapoeira ilikuzwa na Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani na vizazi vyao, na mizizi yake mara nyingi huhusishwa na nchi za pwani ya magharibi ya Afrika ya Kati, hasa Angola. Utumwa ulipigwa marufuku Brazil mwaka 1888, na mwaka 1890 sheria ya jinai ya nchi hiyo ilikataza kapoeira nayo. Katika miaka ya 1930 mwalimu ajulikanaye kwa jina la Mestre Bimba aliifundisha waziwazi katika mji wa Salvador, ikaanza kupata heshima, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza duara ya kapoeira katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi, mchezo huu wa miguu ni wa Kiafrika kwa damu na wa Kibrazil kwa malezi, na bahari iliyouvusha ni Atlantiki. Kenya iko upande wa pili wa bara, yatazama Bahari ya Hindi. Ajabu ni kwamba katika mchezo huo huo wa mwaka 1997 yumo kijana wa Kibrazil aitwaye Sean, na huyo hupigana kwa mtindo wa Kijapani kwa kuwa ni mwanafunzi wa Ken, mwenzi wa Ryu. Kwa hiyo Mbrazil alipewa mapigano ya Japani, na Mkenya akapewa mapigano ya Brazil. Mwaka huo huo kampuni nyingine ya Kijapani, Namco, ilitoa mchezo wa Tekken 3 ambamo mpiganaji wa kapoeira, Eddy Gordo, ni Mbrazil.

Haifai kudhani kwamba Afrika ya Mashariki haina michezo ya mapambano ya kwake. Lamu ina kirumbizi, mchezo wa fimbo ambamo wawili huingia uwanjani kwa mlio wa ngoma, wakitishana na kukingana mbele ya watu. Mieleka huchezwa mahali pengi. Na kuhusu miguu, lugha yenyewe ni shahidi: Kiswahili kina "teke", kina "ngwala", kina "kupiga mtama", yaani kumkata mtu miguu hata aanguke; na kwa mwenye kujipindua kina "kichwangomba". Lugha haiweki maneno mengi hivyo kwa jambo ambalo wenye lugha hawalijui.

Mapigo matano

Mapigo ya Ryu yana majina ya Kijapani, na yamebaki katika Kijapani hata mchezo ulipofika Marekani na Ulaya. Mapigo ya Dhalsim, mpiganaji wa Kihindi, hutanguliwa na neno yoga. Lakini mapigo maalumu matano aliyozaliwa nayo Elena hayana hata neno moja la Kiswahili, wala la lugha nyingine yoyote ya Kenya. Huitwa kwa Kiingereza hata huko Japani, ambako maneno hayo huandikwa tu kwa herufi za Kijapani. Yafaa yatazamwe moja moja.

La kwanza ni Rhino Horn. Mchezaji huzungusha kijiti nusu ya duara kutoka nyuma kwenda mbele, akabonyeza teke. Elena huruka mbele akimfuata adui kwa mateke ya mfululizo. Hapa mfano ulichaguliwa vema, kwa maana kifaru ni mnyama wa Kenya, naye hushambulia kwa kwenda mbele moja kwa moja. "Pembe ya Kifaru" yafaa kama ilivyo. Tena Kiswahili chaongeza uzito ambao Kiingereza hakina, kwa sababu jeshini "kifaru" ni gari la chuma lenye mzinga, na msikilizaji huzisikia maana zote mbili kwa mara moja.

La pili ni Mallet Smash, ambalo hutolewa kwa nusu ya duara kutoka mbele kurudi nyuma, pamoja na kitufe cha ngumi. Hili ni pigo la kutoka juu, la kumpata aliyechutama. Jina lake la Kiingereza lamfananisha Elena na fundi mwenye nyundo ya mti. Lakini nyumbani kwa Elena kiko kitu kingine kiinuliwacho juu na kushushwa kwa nguvu, tena kushushwa kwa kurudia, nacho ni mchi katika kinu. Kitenzi chake ni "kutwanga", na nomino yake ni "mtwango". Neno hili moja latoa habari tatu: kwamba pigo latoka juu, kwamba lashuka kwa uzito, na kwamba halishuki mara moja tu.

La tatu ni Spin Scythe, la robo ya duara kurudi nyuma pamoja na teke. Elena huzunguka kwa teke, na mchezaji akirudia mpangilio ule ule, teke la pili hufuata. Kifaa kilichotajwa katika jina la Kiingereza ni panga refu lenye mpini, ambalo wakulima wa Ulaya walilitumia kukatia nyasi. Mkulima wa Kenya au wa Songwe hulifanya jambo hilo kwa fyekeo. Kutafsiri jina la kifaa kungeleta shida, kwa kuwa kifaa chenyewe si cha huku. Tendo lakini ni moja: ni kufyeka. Afyekaye hurusha mkono upande mmoja akarudia, na Elena naye hufanya hivyo kwa mguu. "Mfyeko" latosha, na mrudio wake ukaitwa "mfyeko wa pili".

La nne ni Scratch Wheel. Kijiti hupelekwa mbele, kisha chini, kisha pembeni mbele, na teke hubonyezwa. Elena hupanda juu akijipindua, na mguu wake humpata adui aliyeruka. Neno la Kiingereza lataja mkwaruzo na gurudumu, lakini lanyamaza juu ya jambo lililo kubwa katika pigo hili, yaani kupanda. Kwa Kiswahili lingeitwa "Mkwaruzo wa Kupaa", na anayelisikia mara ya kwanza angejua kwamba ni silaha ya kumshusha aliye hewani.

La tano ni Lynx Tail, nalo hutolewa kwa kijiti kwenda nyuma, chini, kisha pembeni nyuma, pamoja na teke. Elena huinama na kuzungusha mguu karibu na ardhi ili amwangushe adui. Hapa ndipo jina lilipopotea kabisa. Mnyama aliyetajwa ni wa jamii ya paka anayeishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, wala hapatikani Kenya. Jamaa yake wa huku ni simbamangu. Lakini hata akitajwa simbamangu kosa halitoki, kwa sababu mnyama yule wa ng'ambo ana mkia mfupi sana kama uliokatwa, na simbamangu naye hana mkia mrefu kama wa chui. Pigo ambalo sifa yake ni kufagia mbali halifai kuitwa kwa mkia usiofika popote. Yuko kiumbe mwingine, ajulikanaye na kila mkaa kijijini, ambaye mkia wake ni silaha ya kweli. Huyo ni kenge. Akibanwa, hugeuka na kuchapa kwa mkia kama kiboko, chini chini, na mbwa asiyejihadhari hujuta. "Mkia wa Kenge" ni jina la kweli kuliko lile la kwanza. Ingawa neno kenge hutumiwa pia kwa kutukana, jina la pigo halidhuriki kwa ukali kidogo.

Akiba na kujiganga

Mbali na mapigo hayo matano, kila mpiganaji wa Street Fighter III ana mapigo makuu matatu, na mchezaji sharti achague moja kabla ya pambano kuanza. Pigo kuu halitolewi bure. Mpiganaji hujaza akiba kidogo kidogo anapopigana, na akiba ikijaa ndipo aweza kulitoa.

La kwanza la Elena laitwa Spinning Beat. Hapa Kiingereza kimecheza na neno lenye maana mbili, pigo la kudhuru na pigo la ngoma. Kwa bahati njema Kiswahili kina mchezo ule ule, na chaucheza kwa upana zaidi. Kwani "kupiga" ni kwa teke na kwa ngoma, na husemwa "mapigo ya ngoma" na "mapigo ya moyo". "Mapigo ya Mzunguko" halipotezi kitu. La pili, Brave Dance, ni mfululizo wa mateke ya kishujaa, na neno "ngoma", ambalo ni chombo, mchezo na mkutano kwa pamoja, lamtosha: "Ngoma ya Shujaa".

La tatu ndilo la ajabu, nalo laitwa Healing. Mchezaji huzungusha robo ya duara mbele mara mbili na kubonyeza ngumi. Elena hakimbilii adui, bali husimama mahali pake, na uhai wake uliopungua hurudi kidogo kidogo. Akishambuliwa kabla ya kumaliza, tiba hukatika na akiba imepotea. Basi mwenye kulichagua huingia pambanoni bila pigo kuu la kudhuru, akitegemea kwamba atapata nafasi ya utulivu, kwa mfano baada ya kumwangusha adui kwa Mkia wa Kenge. Adui naye, ajuapo jambo hilo, hawezi kukaa mbali na kungoja; lazima aje, na ajapo hukutana na Pembe ya Kifaru. Hivyo pigo lisilodhuru hulazimisha vita vizima kubadilika.

Kwa upande wa lugha, jina la Kiingereza halisemi nani anamponya nani. Kiswahili hakiruhusu uficho huo. Chadai kuchagua: "kupona" ni hali ya mgonjwa, "kuponya" ni tendo la mganga kwa mwingine, na "kuganga" ni kutibu bila kuahidi kwamba mgonjwa atapona. Elena hujitendea mwenyewe, na tiba yake yaweza kukatizwa. Kwa hiyo neno lililo sawa ni "kujiganga". Kiambishi -ji- kimesema yaliyohitaji sentensi nzima. Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo; Elena alipewa ruhusa ya kuyaganga yaliyopita.

Mnyama na tendo

Ikiwa majina ya Galula yalifuata njia tatu, yaani umbo, mahali na mfano, majina ya mapigo yameonyesha haja ya njia ya nne. Kisukuku ni kitu. Kimelala katika jabali, na mtu aweza kukitazama mwaka mzima kabla ya kukiita. Pigo ni tendo, nalo hupita katika sehemu ya sekunde. Jina lake halina budi litoke katika kitenzi, na hapo ndipo nguvu ya Kiswahili ilipo. Kwa kubadili irabu ya mwisho kuwa -o, na kuweka kiambishi mwanzoni panapohitajika, kitenzi huzaa nomino ya tendo: piga huzaa pigo, twanga huzaa mtwango, fyeka huzaa mfyeko, kwaruza huzaa mkwaruzo, zunguka huzaa mzunguko. Majina haya yote yalikuwamo katika lugha kabla mchezo wa video haujabuniwa, au yangeweza kutungwa na mtu yeyote kwa kanuni azijuazo tangu utotoni.

Hapana budi kukiri kwamba majina ya kampuni yatabaki katika mchezo wenyewe, kwa kuwa ni mali yake. Hata hivyo, mchezo huelezwa kwa maneno zaidi ya yale yaliyoandikwa juu ya kioo. Kijana amfundishaye nduguye hueleza kwa Kiswahili. Atangazaye shindano hueleza kwa Kiswahili. Na atakayetunga mchezo wake mwenyewe, awe Mombasa au Mbeya, atahitaji maneno ya maandalizi na marejeo, ya kinga ya kusimama na ya kuchutama, ya akiba na ya mapigo. Ikiwa kila linapofika jina la pigo hulazimika kuiacha lugha yake na kutaja kitu ambacho hata mwenye lugha ya Kiingereza amekitaja kwa kosa, kama ule mkia mfupi, basi hasara ni mbili: msikilizaji hapati picha ya pigo, na lugha hukosa mazoezi katika jambo ambalo ina uwezo nalo.

Mfano wa Galula waonyesha kwamba kizuizi hakikuwa kamwe katika lugha. Wataalamu waliotoa majina yale waliliandika neno "moyowamkia" katika majarida ya elimu ya ulimwengu mzima, na wasomaji wa mataifa wamejifunza kulitamka. Ikiwa uti wa mkia wa mnyama aliyekufa miaka milioni mia na ushei iliyopita umepata jina la Kiswahili lililo sahihi kwa umbo lake, mguu wa msichana wa Kenya nao wastahili kupata la kwake.